Barua ya wazi kwa wakuu wa ushirika wa kahawa Moshi: rudieni jaribio la karani

Kwa wajumbe wa bodi, mameneja na makatibu wa vyama vya ushirika wa kahawa, Moshi.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Uru kuwaomba mpime tena jambo ambalo karani wa chama chetu aliliona kuhusu malipo ya mkulima na unyevu wa kahawa, nanyi mkalicheka. Matunda ya kahawa yameanza kujaa na imebaki miezi michache mizani ifunguliwe. Nimefundisha fizikia sekondari kwa miaka 31. Sasa nimestaafu, nalima kihamba alichoniachia marehemu mume wangu, na namba yake ya uanachama katika chama chetu cha msingi ndiyo ninayoitumia. Ualimu wangu na uanachama wangu havikuwahi kukutana hadi mwaka jana, mlipotuletea utaratibu mpya wa kupima kazi za makarani na kutuambia kwamba umejengwa juu ya fizikia ya kisasa.

Nilikuwa miongoni mwa wawakilishi wa wanachama walioitwa kwenye semina ile Arusha. Mwezeshaji alitutaka tuachane na uongozi wa zama za Newton, unaoiona taasisi kama saa ya ukutani: kila gurudumu lina meno yake, na ufunguo wa kuitia nguvu yuko nao mkubwa mmoja. Hapo nilikubaliana naye kwa moyo wote. Lakini aliyoyajenga juu ya msingi huo yalikuwa na makosa, na makosa hayo leo yamekaa kwenye mizani tunayopimia kahawa. Ndiyo maana nimeona nisiyamezee.

Alisema ushirika unahitaji mruko wa kwantamu, akiwa na maana ya hatua kubwa ya ghafla. Mwanafizikia Max Planck alipotoa wazo lake mjini Berlin, Desemba 1900, alichosema ni kwamba nishati hutoka kwa vipande, ndivyo vinavyoitwa kwantamu, na kipande kimoja ni kidogo kiasi kwamba kwa karne zote hakuna aliyewahi kukihisi. Mruko wa elektroni ndani ya atomu ni kati ya hatua ndogo kabisa zinazojulikana. Kama kuna la kuchukua hapo kwa ajili ya ushirika, ni karani mmoja, meza moja ya kuanikia, stakabadhi moja ya mkulima mmoja. Huko ndiko mambo yanakobadilika.

Alisema pia kwamba Einstein ametufundisha kuwa kila jambo ni mtazamo wa mtu, hivyo kiongozi ana ukweli wake na mkulima ana wake. Hili liliniuma zaidi, kwa sababu Einstein alianzia upande wa pili kabisa. Mwaka 1905 alikuwa na miaka 26, mtumishi wa ofisi ya hataza, inayosajili uvumbuzi, mjini Bern, na sharti lake la kwanza lilikuwa kwamba sheria za maumbile lazima ziwe zilezile kwa aliyesimama kituoni na kwa aliye ndani ya treni inayokwenda kwa mwendo usiobadilika. Urefu na muda ndivyo vinavyokubali kutofautiana, ili sheria isitofautiane. Miaka michache baadaye alionyesha kwamba hata uvutano hugusa muda. Chukueni saa mbili zilizo sawa kabisa, moja mwiweke Moshi mjini na nyingine Kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya bahari. Ile ya kileleni itaitangulia ya mjini kwa takriban sehemu 17 za milioni moja ya sekunde kila mwaka.

Ni kidogo, lakini kinatugusa. Vijana waliopita vihambani kwetu na simu kuchukua pointi za mashamba, kwa ajili ya ile sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 inayotaka kujua kahawa imetoka shamba gani na kama msitu ulikatwa, walitegemea setilaiti za GPS. Saa za setilaiti hizo hutangulia zetu kwa sehemu 38 za milioni moja ya sekunde kila siku. Zisiporekebishwa, kwa siku moja tu kihamba changu kingesomeka kilomita kadhaa kutoka kilipo. Waliozitengeneza hawakusema kwamba setilaiti ina ukweli wake. Walijua tofauti ni kiasi gani, wakaihesabu, wakairekebisha kabla ya kumpa mtu jibu.

Ninyi mna saa yenu na sisi tuna yetu. Kwa mhasibu mjini, malipo yakichelewa wiki sita ni mstari katika taarifa ya robo mwaka. Kwa mama wa Uru wiki sita ni ada ya muhula, ni dawa, na mwisho wake ni mlanguzi anayenunua kahawa ikiwa bado mtini, ile ambayo wenzetu wa Kagera wanaiita butura. Sheria ya ushirika inapaswa kusomeka vilevile kutoka kiti cha ofisini na kutoka kwenye meza ya kuanikia. Ikiwa mkulima anakatwa kwa kuchelewa na ofisi haikatwi kwa kuchelewa, hizo ni sheria mbili.

Sasa nije kwenye mizani yenyewe.

Utaratibu wenu uliweka lengo la kilo kwa kila karani kwa kila wiki. Anayelifikia anapata posho. Asiyelifikia jina lake linasomwa kikaoni. Karani wetu ni binti niliyemfundisha kidato cha pili hadi cha nne. Nakumbuka alivyokuwa akirudia kipimo mara tatu wakati wenzake wameshafunga madaftari. Wiki za mwanzo alikuwa anatia mkono ndani ya gunia, anatoa buni, anauma, na ikiwa haijakauka anamwambia mwenye mali airudishe juani. Kahawa inapofika ghalani inatakiwa iwe na unyevu wa asilimia 11 hivi. Jina lake likasomwa. Wiki zilizofuata akaacha kuuma buni.

Na sisi wakulima, nasema sisi kwa sababu na mimi nilikuwemo, hatukuchukua muda kuelewa. Maji nayo yana uzito. Mtu akiona karani anatafuta kilo, anampelekea kilo. Mwisho wa msimu mlipata kilo mlizoziomba, na daraja la kahawa yetu likashuka.

Kuna jaribio ambalo kila mwanafunzi wa fizikia wa siku hizi hulisoma. Elektroni hurushwa moja moja kuelekea ubao wenye mianya miwili. Ukiziacha bila kuuliza kila moja imepita mwanya upi, alama zake nyuma ya ubao hujipanga kwa mistari ya mwanga na giza, kama mawimbi yanayokutana. Ukiweka kifaa cha kuchunguza njia, mistari hiyo hutoweka. Swali uliloamua kuuliza limeingia ndani ya jibu ulilopata. Hapa lazima niwe mkweli kama mwalimu: gunia la kahawa si elektroni, na asije mtu akawauzia ushirika wa kikwantamu kwa sababu ya jaribio hili. Elektroni haiogopi jina lake kusomwa kikaoni. Karani anaogopa. Binadamu ana sababu zake za kubadilika anapopimwa, na ni nzito kuliko za elektroni. Ninachowaomba mchukue kutoka kwa wanafizikia ni tabia yao tu: tangu miaka ya 1920 hawaandiki tena matokeo bila kueleza yamepimwa kwa chombo gani. Taarifa yenu ya mwaka ilisema uzalishaji umepanda. Ilipaswa kusema uzito umepanda, umepimwa na makarani wanaolipwa kwa uzito.

Karani huyo ana jambo jingine, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Msimu ule fedha za malipo ya awali zilifika kwa mafungu. Kuna wiki mkulima alipima na kulipwa siku ileile, na kuna wiki aliandikwa tu na kuambiwa asubiri. Imani ya ofisi, nimeisikia kwa masikio yangu, ni kwamba mkulima akilipwa haraka hulegea, na akisubirishwa hujitahidi. Binti huyu, kwa mazoea yake ya darasani, alikuwa na daftari la pembeni. Kila alipoweza alitumia kile kipima unyevu kinachozungushwa kati ya vyama, akaandika tarehe, unyevu, na kama siku hiyo fedha zilikuwepo. Alipokaa akajumlisha, aliona kinyume cha imani ya ofisi. Kahawa kavu ililetwa wiki za fedha. Kahawa mbichi ililetwa wiki za kusubiri. Na akaona kwa nini: anayewahi kuandikwa ndiye anayewahi kulipwa fungu likifika, basi kwa hofu ya foleni watu waliiondoa kahawa mezani kabla ya siku zake.

Aliyasema hayo kikaoni. Akajibiwa kwamba hiyo ni hesabu ya karani, si hesabu ya ofisi. Watu wakacheka, na ajenda ikaendelea.

Nilipoyasikia maneno hayo nilijua nimeshayasoma mahali. Waheshimiwa, ninyi nyote mmepita sekondari, lakini sijui wangapi mliambiwa habari za Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu Sekondari ya Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanachanganya sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanayaweka kwenye jokofu. Nafasi jokofuni ilikuwa ya kugombea. Siku moja Mpemba, akihofia kuikosa, aliweka maziwa yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda, na ya mwenzake, aliyeyaweka bila hata kuyachemsha, yalikuwa bado uji mzito. Akamuuliza mwalimu. Akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika masomo ya juu Iringa akauliza tena, na mwalimu mwingine akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu hapo kila alipokosea hesabu, darasa zima lilimwambia hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Kisha akaja mgeni, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Mpemba akasimama mbele ya wenzake waliokuwa wakimcheka, akauliza tena swali lilelile. Osborne alikiri baadaye kwamba alidhani kijana amekosea. Lakini alimwambia atajaribu, na aliporudi Dar es Salaam akamwagiza fundi wa maabara afanye jaribio. Fundi akaleta taarifa kwamba maji ya moto kweli yaliganda kwanza, akaongeza kwamba wataendelea kurudia hadi wapate jibu sahihi.

Naomba msome tena sentensi hiyo ya fundi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtumishi mwaminifu aliyejua jibu ambalo wakubwa wanalitarajia, na akawa tayari kurudia kazi hadi kipimo kikubaliane na matarajio. Taarifa ngapi zinapanda kwenu kila mwezi kwa njia hiyo? Karani anasahihisha kwa ajili ya katibu, katibu kwa ajili ya meneja, meneja kwa ajili ya bodi, na bodi inakuja kutusomea kwenye mkutano mkuu jibu ambalo lilijulikana kabla ya msimu kuanza.

Osborne hakulikubali jibu sahihi la fundi. Wakarudia tena na tena, na matokeo yakabaki vilevile. Mwaka 1969 yeye na Mpemba wakachapisha makala pamoja, majina yote mawili juu yake. Wakati huo kijana alikuwa anasoma hapahapa kwetu, Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka, mwendo mfupi kutoka kihambani kwangu. Leo dunia nzima jambo hilo linaitwa athari ya Mpemba. Na sitawaficha: wanasayansi bado wanabishana. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walipima kwa makini na kuandika kwamba hawakupata ushahidi wa kuridhisha, na wengine wamewapinga. Hilo halimpunguzii Mpemba kitu. Swali lake lilistahili jokofu, vikombe viwili na kipimajoto, na lilipewa kicheko kwa miaka kadhaa kabla ya kupewa hivyo vitatu.

Na daftari la karani wetu ni hivyohivyo. Linaweza kuwa limekosea. Ni la chama kimoja, msimu mmoja, na inawezekana wiki za kusubiri ziliangukia siku za mvua za vuli. Nimemwambia hivyo mwenyewe na akakubali. Lakini jibu la shaka hiyo ni kupima tena.

Mawili mengine nayasema kwa haraka, kwa sababu yapo kwenye mpango mkakati mliotugawia.

La kwanza ni makadirio ya mapato ya miaka mitatu, yaliyoandikwa hadi senti. Mwaka 1961 Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa wa chuo cha MIT, Marekani, alirudia hesabu yake kwenye kompyuta. Pale palipokuwa na 0.506127 akaingiza 0.506, akidhani tofauti hiyo haina neno. Baada ya muda kompyuta ilikuwa inachora hali ya hewa nyingine kabisa. Sisi wa Kilimanjaro tunalijua hilo kwa mwili. Usiku wa baridi kali Paraná, Brazili, Julai 1975, uliua mibuni ya huko, na bei ikapaa duniani kote kwa miaka miwili. Mapema 2025 Arabika ilipita dola 4 kwa ratili kwenye soko la New York, na ukame wa Brazili ulikuwa mmoja wa sababu. Lorenz hakusema kwamba hakuna utaratibu. Alionyesha kwamba njia haitabiriki mbali, ilhali eneo ambamo njia hiyo huzunguka linaweza kujulikana. Basi tuwekeeni eneo: mwaka mbaya tutalipa nini, mwaka mzuri tutaweka akiba kiasi gani. Senti hizo zifuteni.

La pili ni utulivu. Mpango unataja utulivu wa taasisi mara nyingi, na nimeona hatua zake: taarifa za mnada haziteremki hadi zipitishwe, maswali ya wanachama yanasubiri mkutano mkuu. Ilya Prigogine alipata Nobeli ya kemia mwaka 1977 kwa kuonyesha kwamba kuna mpangilio unaozaliwa na kudumu kwa sababu tu nishati na vitu vinapita ndani yake bila kukoma. Ukizuia mpito huo, mpangilio unakufa. Babu zetu waliujua mpangilio huo walipochimba mifongo, mifereji ya kumwagilia vihamba. Mfongo hauna maji yake wenyewe. Unaishi kwa maji yanayopita, kwa zamu zinazojulikana na kila mwenye kihamba, na kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kuusafisha. Ukiuziba ili utulie, umepata dimbwi. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, na wetu wa Kilimanjaro wa tangu 1933 ukiwemo, kazi ikapewa mamlaka za mazao ili mambo yaende kwa mpango mmoja kutoka juu. Sheria ya 1982 ikaruhusu virudi. Wazee wanaokumbuka miaka ile sita bado wapo, waulizeni maji yalipita wapi.

Ninachoomba kabla ya mwezi wa saba ni hiki. Ondoeni lengo la kilo kwa makarani, msimu mmoja tu, na muwape kipima unyevu kila chama, hata kama ni kwa kukopa. Bei ya mnada ibandikwe ukutani ghalani wiki hiyohiyo inapopatikana. Na chagueni vyama viwili vinavyofanana kwa mwinuko na mvua. Kimoja kiwe na fedha za malipo ya awali mezani kila siku ya kupima, kingine kiendelee na foleni kama kawaida, nusu ya kwanza ya msimu. Nusu ya pili vibadilishane, ili wakulima wa huku wasionewe na ili mvua isije ikasingiziwa. Anayepima unyevu asijue ni wiki ya fedha au ya kusubiri. Sampuli zipelekwe na namba tu. Mimi na walimu wenzangu wawili wastaafu tuko tayari kusimamia bila malipo. Matokeo yakionyesha karani alikosea, nitasimama kwenye mkutano mkuu na kulitamka hilo mbele ya wanachama wote.

Daftari liko kwake. Lina jalada la bluu, na kurasa za Novemba zililowa mvua lakini zinasomeka. Mtakapomwita, mpeni kiti, na mwacheni asome mwenyewe tangu ukurasa wa kwanza.

Wenu,
Mwalimu mstaafu wa fizikia, mwanachama, Uru